Barua Zilizosusa

Deeqa alikuwa na karibu kila kitu ambacho serikali ya Uingereza inaweza kumdai mke wa mtu. Alikuwa na cheti cha ndoa. Alikuwa na mume mwenye pasipoti na kazi. Alikuwa hata na cheti cha mtihani wa Kiingereza, alioufaulu kwa kumsimulia mzungu mmoja mpole jinsi anavyotumia Jumamosi zake, na nusu ya hayo aliyasema uongo kwa sababu Jumamosi zake huwa ni za kufua. Alichokosa ni mwaka mmoja.

"Huu mwaka hapa katikati," Indu alisema, akigonga meza kwa kalamu. "Ulikuwa wapi?"

Indu alikuwa mshauri wa mambo ya uhamiaji, na ofisi yake ilikuwa Ladywood, chini ya jengo la maghorofa, ukuta mmoja na kinyozi. Wazazi wake walitoka Kampala. Yeye alizaliwa papa hapa Birmingham, na Kiswahili chake alikiokota kwa wateja, akakichanganya na Kiingereza kila alipoona kinamchelewesha.

Mambo yalikuwa hivi. Visa ya ndoa aliyoingia nayo Deeqa kutoka Kenya ilikuwa ya miaka miwili na miezi tisa, nayo ilikuwa imebakiza siku kumi na moja. Ikiongezwa, angepata miaka miwili na nusu mingine, na mbele ya hapo ndipo angeruhusiwa kuomba makazi ya kudumu. Isipoongezwa, basi Isiolo ipo, na mama yake angempokea kwa furaha na maswali. Ili iongezwe, pamoja na mengine yote, zilitakiwa barua sita za kuonyesha kwamba mke na mume wanaishi nyumba moja: zimetoka ofisi tatu au zaidi, na zimetawanyika katika miaka miwili. Barua za Najib, mumewe, zilijaa faili. Za Deeqa zilikuwepo za miezi ya mwanzo na za miezi ya karibuni. Katikati, Oktoba mpaka Oktoba, hapakuwa na hata kikaratasi cha daktari wa meno.

"Ukiangalia hii file, it looks like ulihama," Indu alisema. "Mtu atadhani ndoa iliisha, halafu mkarudiana juzi juu ya visa. Mimi sisemi hivyo. Lakini anayesoma hanijui mimi wala nyinyi."

"Sikuhama," Deeqa akasema.

"So letters ziko wapi?"

Najib, aliyekuwa ameketi kando yake na ovaroli lake la kazi, kwani alikuwa fundi wa lifti, aligeuka kumtazama mkewe naye akingoja jibu. "Kweli, Deeqa. Kwani wewe huandikiwi barua?"

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na Deeqa aliwajua wahenga vizuri. Lakini kuna uchi mwingine huwezi kuufunua mbele ya mume uliyemficha. Akasema atazitafuta. Indu akamwambia benki inaweza kumchapishia zake, lakini hiyo ni ofisi moja na zinatakiwa tatu, na yeye hapendi kubahatisha na visa za watu. Atafute, alete Jumatano ijayo, maana Ijumaa yake ndiyo siku ya mwisho.

Deeqa hakuwa na haja ya kutafuta. Alijua barua zilipo tangu kabla Indu hajagonga meza. Zilikuwa Shard End, kwa shangazi yake Halimo, ndani ya kabati la vyombo, na aliyezipeleka huko alikuwa ni Deeqa mwenyewe.

Kisa chenyewe kilianza na mchele. Karibu miaka miwili nyuma, Jumamosi moja ya mvua, Najib alimpeleka Deeqa Alum Rock Road kununua vitu. Walinunua gunia la basmati la kilo ishirini. Najib akalibeba mpaka kwenye gari, akalilaza kwenye buti kwa upole, na Deeqa akamwambia anaingia mara moja duka la pili kutazama kitambaa. Najib akaitikia kwa kichwa. Kisha simu ikalia, rafiki yake mmoja akataka kubishana juu ya mpira, na Najib akabishana huku akiwasha gari, akabishana mpaka nyumbani Saltley, akaliteremsha gunia, akaliingiza jikoni, na ndipo alipolitazama lile gunia akahisi kwamba kuna kitu kingine alikuwa nacho. Dakika ishirini na tano. Deeqa alisimama chini ya turubai la muuza matunda, amelowa mpaka soksi, na yule muuza matunda akampa ndizi kwa huruma.

Hilo angeweza kulimeza. Mume ni binadamu. Lisilomezeka ni kwamba Najib hakuomba radhi. "Si nilirudi?" alisema. "Nilirudi, sikurudi?" Na kila Deeqa alipofungua mdomo, jibu likawa hilo hilo, kama kwamba suala lilikuwa ni kurudi. Basi Deeqa akafanya walivyofanya mama yake na bibi yake walipovunjiwa heshima: alifunga begi akaenda kususa kwa watu wake. Watu wake Birmingham nzima walikuwa mtu mmoja tu, shangazi Halimo, dada wa baba yake.

Kususa kuna kanuni zake. Mke huondoka, hukaa kwa jamaa zake kimya, na mume huja na wazee. Wazee hunywa chai, hukiri kosa, hutoa kitu cha kufuta machozi, na mke hurudi kichwa juu. Siku ya kwanza Najib hakuja. Siku ya pili hakuja. Siku hiyo ya pili Deeqa, hasira zimempanda mpaka kwenye nywele, akaona kuondoka kwa mwili peke yake hakutoshi. Akafungua simu, akaingia kwenye tovuti ya posta, akaagiza kwamba kila barua yenye jina lake inayokwenda Saltley ielekezwe Shard End. Alitaka hata mtu wa posta ajue kwamba hayupo. Akaulizwa kwa muda gani: miezi mitatu, sita, au kumi na miwili? Mtu mwenye hasira hachagui mitatu.

Hasira hasara. Siku ya tatu na ya nne Najib hakuja, na asubuhi ya siku ya tano Deeqa akachukua begi lake akapanda basi akarudi mwenyewe. Aliwaambia watu ni kwa ajili ya kazi. Ukweli ni kwamba alitamani kumwona Najib, alitamani hata kumsikia anavyokoroma, na hilo lilimuumiza zaidi ya ile mvua. Lile agizo la posta hakulifuta. Mwanzoni ilikuwa kiburi, ile raha ya kujua kwamba kuna kitu chake ambacho bado hakijasamehe. Baadaye ilikuwa kusahau tu. Halimo akipiga simu kusema barua imekuja, Deeqa humjibu, "Iweke, Shangazi, nitaipitia," na haipitii.

Jambo moja lilimpa moyo. Bahasha zile zilibandikwa stika ya njano yenye anwani ya Shard End, lakini barua yenyewe ndani ilikuwa na anwani ile ile aliyoandika benki au daktari, yaani nyumba ya Saltley, jina lake na mtaa wake. Ukizitoa kwenye bahasha, ni ushahidi safi. Basi kesho yake akanunua halwa na kupanda basi kwenda Shard End, akiamini atarudi kabla chai haijapoa.

Halimo alikuwa mjane wa miaka sitini na tisa, aliyelelewa Isiolo, akapita Denmark, akapikia watoto wa shule za Birmingham kwa miaka kumi na minane, na hapana hata mmoja aliyethubutu kubakisha mbaazi kwenye sahani yake. Aliipokea halwa, akaionja, akasema ina iliki kidogo.

"Shangazi, nimekuja kuchukua zile barua zangu."

"Zipo. Ishirini na tatu. Sijafungua hata moja, mimi si mwizi."

"Basi nipe."

"Siwezi."

Deeqa alidhani amesikia vibaya. Akaeleza habari ya visa, ya Indu, ya siku kumi zilizobaki. Halimo alisikiliza yote kwa utulivu, mikono mapajani.

"Naa, Deeqa," akasema, akimwita kwa Kisomali, "hizo barua zilikuja hapa zikimfuata mtu aliyesusa. Huyo mtu mpaka leo hajachukuliwa. Mume hakuja. Wazee hawakuja. Hakuna aliyekaa kwenye hiki kiti akanywa chai yangu akasema tumekosa. Wewe uliamka asubuhi ukatoka na begi lako kama paka, hata kuniamsha hukuniamsha. Kwa hesabu yangu mimi, wewe bado umesusa."

"Shangazi, ni miaka miwili karibu."

"Mila haina expiry date. Visa ndiyo inayo." Akamega kipande kingine cha ile halwa yenye iliki kidogo. "Mwambie aje na wazee wawili. Jumapili baada ya Adhuhuri. Akija inavyotakiwa, atapata mke na barua zake kwa pamoja."

Deeqa alijaribu kubembeleza, alijaribu kununa, alijaribu hata kulitazama lile kabati kwa macho ya mtu anayepima. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Halimo, chini ya mtandio, na hakuna binti wa watu atakayeingiza mkono huko. Akapanda basi mikono mitupu.

Sasa kazi ikawa kwa Najib. Njia nzima Deeqa alijiandaa kwa vita. Alijua atajibiwa nini: nilirudi, sikurudi? Alipofika alimkuta mumewe anakata vitunguu vya mchuzi, akaamua kumpa ukweli wa nusu mkate.

"Zile barua ziko kwa shangazi," akasema. "Zilipelekwa huko na posta." Na hilo, ukilitazama, si uongo. "Hataki kuzitoa. Anataka uende na wazee wawili, kwa mambo ya ule mchele."

Najib aliacha kisu. Hakucheka wala hakubisha. Akauliza, "Siku gani?"

"Jumapili."

"Sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa, nitakwenda." Akarudi kwenye vitunguu. Deeqa alisimama pale akimtazama mgongo, hoja zake zote alizoziandaa kwenye basi zikiwa hazina wa kupigwa nazo. Mwanamume anayekubali upesi hivyo ana lake jambo, alijiambia, na usiku huo alimchunguza kuliko kawaida.

Wazee wenyewe walikuwa taabu. Najib alizaliwa Garissa, akakulia Rotterdam, na baba yake alifia huko. Ami yake mmoja yuko Leicester, lakini alikuwa amebadilishwa goti na hatoki kitandani. Waliobaki Birmingham ni mafundi wenzake wa lifti na wale wa kubishana mpira, na kati yao mwenye umri mkubwa alikuwa na miaka thelathini na nane na gari lenye spika nyuma. Mwishowe Najib akaenda kwa Vinubhai.

Vinubhai aliuza mabomba, koki na makufuli Alum Rock Road. Alizaliwa Nakuru, na ingawa alikuwa ameondoka huko kijana, aliizungumzia kama mtu aliyetoka mara moja kununua maziwa. Alipoelezwa anatakiwa kwenda kuwa mzee, alivua miwani akaifuta.

"Mambo ya kupatanisha watu mimi napenda sana," akasema. "Kwa nini hukuniambia mapema? Chai iko?"

"Iko, Mzee. Lakini wanataka wazee wawili."

"Mimi nina miaka themanini na moja. Gawanya mara mbili, unapata wawili wa arobaini na kitu. Twende."

Jumapili ikafika. Walikwenda na gari la Najib, Vinubhai mbele na suti ya kijivu, Deeqa nyuma na sanduku la tende, na kando ya Najib mfuko wenye shali ya pashmina ambayo Deeqa hakujua imenunuliwa lini. Hakuulizwa njia. Najib alipita mitaa ya Shard End akikunja kona zote bila kuangalia simu, na Deeqa, ambaye alikumbuka kwamba mumewe aliwahi kupotea ndani ya maegesho ya hospitali, aliliona hilo na kuliweka kichwani.

Halimo alikuwa ameandaa sebule kama korti. Viti vya wageni upande mmoja, chake peke yake upande wa pili, kabati la vyombo nyuma yake. Deeqa aliamrishwa akae karibu na shangazi, kwa kuwa bado alikuwa upande wa waliosusa. Halimo alimtazama Vinubhai, akatazama mlango kuona kama kuna mwingine anakuja.

"Mmoja?"

"Mimi ni wawili, Mama," Vinubhai akajibu, na akaketi. Waliulizana kwao. Aliposikia Isiolo, Vinubhai alisema alikuwa na binamu aliyekuwa na duka la nguo pale karibu na msikiti, na Halimo akasema binamu huyo alimuuzia mama yake kitambaa kilichochuja. Wakakubaliana kwamba alikuwa mwizi, na baada ya hapo walielewana vizuri.

Chai ikamiminwa. Kesi ikaanza.

"Najib," Halimo akasema, "Jumamosi ile ulimwacha mwanangu kwenye mvua ukapeleka mchele nyumbani. Kweli au si kweli?"

"Kweli, Shangazi."

"Na ulipoulizwa ukajibu, nilirudi."

"Kweli. Nilikosa. Nilikuwa naona aibu, na mimi nikiona aibu nabisha." Akamgeukia Deeqa. "Nilipaswa kuomba msamaha siku ile ile. Nilikuacha, na hakuna neno la kuweka mbele ya hilo."

Deeqa aliangalia zulia. Alikuwa ameyangoja maneno hayo muda mrefu, na yalipokuja aliyataka yarudiwe.

Halimo hakulainika. "La pili, na hili ndilo kubwa. Mke alikaa kwangu siku nne. Siku nne hukuja."

Najib akasema, "Nilikuja."

Halimo alichukua kijiko akaanza kukoroga chai yake. Chai yake haina sukari, hajawahi kutia sukari tangu daktari amkataze, na hapakuwa na kitu cha kukoroga. Vinubhai, aliyekaa miaka hamsini nyuma ya kaunta akitazama mikono ya wateja, aliliona hilo.

"Mama Halimo," akauliza, "huyu alikuja?"

"Mlangoni hakuja."

"Mlango sijauliza."

Kijiko kikasimama. Halimo alitazama dirishani, nje, ambako hapakuwa na cha kutazama. "Gari lilikuwepo," akasema hatimaye. "La buluu. Pale kwenye kona."

"Siku ngapi?"

"Zote nne. Akitoka kazini. Anakaa saa moja, saa moja na nusu, halafu anaondoka."

Deeqa alimgeukia mumewe.

"Baba aliniambia mambo mawili tu ya ndoa kabla hajafa," Najib akasema, akiongea na kikombe chake. "Moja, usiinue mkono. La pili, mke akisusa usiende kumchukua peke yako. Nenda na wazee, ukienda peke yako umemdharau yeye na watu wake. Sasa mimi sikuwa na wazee. Nilikuwa nakaa kwenye gari napitisha contacts kwenye simu, A mpaka Z, natafuta mtu mwenye mvi. Siku ya nne nikampigia yule wa Leicester, akasema nimngoje Jumamosi. Nikarudi nyumbani, kesho yake nikakuta umerudi mwenyewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani umenisamehe. Nikaona nikichokonoa nitaharibu."

Moyo wa Deeqa ulifanya mambo mawili kwa pamoja: ulifurahi, na uliona haya. Miaka hii miwili alikuwa amelala kando ya mtu huyu akiamini kwamba siku ile alipoondoka, hakuna aliyemtaka arudi. Hakuwahi kulisema. Alipika nalo, alifua nalo, alifanya nalo mtihani wa Kiingereza. Naye Najib muda wote huo alikuwa ameketi umbali wa nyumba tatu kutoka dirishani kwake, akitafuta mtu mwenye mvi. Akamgeukia shangazi yake.

"Na wewe ulimwona."

"Nilimwona."

"Siku nne, Shangazi. Mimi nalia hapo juu chumbani na wewe unamtazama hapo nje."

"Nilitaka agonge!" Ilikuwa mara ya kwanza Deeqa kumsikia Halimo akipaza sauti kwa kujitetea. Kisha akashusha. "Sisi tumetupa vitu vingi njiani, Deeqa. Lugha ya watoto tumeitupa. Mazishi yetu tunafanya kwa appointment. Nikasema hiki kimoja tusikitupe, mwanamume aje kwa heshima, na watu, agonge. Nikangoja agonge. Yeye naye anangoja wazee. Basi tukangojana." Akavuta mtandio. "Mwanamume kwenye gari si mgeni. Ndivyo nilivyojiambia."

Kesi ingeweza kuishia hapo, barua zikatolewa, kila mtu akaenda kwake. Lakini Vinubhai alikuwa hajamaliza chai yake, na mzee mwenye chai bado yuko kazini.

"Kitu kimoja sijaelewa," akasema. "Huyu binti alikaa siku nne. Barua mnasema ni za mwaka mzima. Barua zilifikaje hapa?"

Deeqa aliiona njia ya kutokea. Angeweza kuisingizia posta, na wote wangemwamini, kwa kuwa hakuna anayeitetea posta. Lakini mumewe alikuwa ametoka kujivua nguo mbele ya watu kwa ajili yake.

"Nilizihamisha mimi," akasema. "Siku ya pili. Kwa simu."

Najib akainua kichwa. "Kwa mwaka?"

"Kulikuwa na miezi mitatu, sita, na kumi na miwili. Nilikuwa na hasira."

"Na uliporudi hukuzirudisha."

"Sikuzirudisha."

Najib hakucheka. Alimtazama mkewe kama anavyotazama lifti inayosema iko orofa ya nne na haipo. "Kwa hiyo mwaka mzima tulikaa pamoja, tukala pamoja, na wewe kwenye karatasi ulikuwa umeondoka. Sasa wakikunyima visa?"

"Nisamehe, Najib." Akasema tena, kwa Kisomali, na mara ya tatu hakuweza kuimaliza. Aliogopa. Mpaka dakika ile alikuwa ameiogopa Ijumaa kwa ajili ya visa. Sasa aliiogopa kwa ajili ya huyu mtu aliyekuwa mbele yake.

Vinubhai akaweka kikombe chini. "Mimi nilikuja kushtakiwa pamoja na kijana mmoja," akasema, "na naona hapa mkosaji hakukosekana kwenye kiti chochote. Kijana amekosa mvua. Amekiri. Binti amekosa mwaka. Amekiri. Amebaki mwenye dirisha."

"Mimi ni mwenye nyumba," Halimo akasema.

"Nyumba ina dirisha, Mama."

Mkuki kwa nguruwe. Watoto wa shule za Birmingham wangetoa chakula chao cha mchana wiki nzima waone kilichofuata. Halimo alisimama, akavuta ufunguo kutoka shingoni, akafungua kabati, akatoa barua ishirini na tatu zilizofungwa kwa utepe wa sanduku la biskuti. Hakumpa Deeqa. Alimpa Najib, mkononi. "Samahani," akasema, akilitazama kabati alipokuwa akilisema neno hilo, na kabati likalipokea kwa niaba ya wote. Kisha akamwambia Deeqa, "Ondoka upande huu. Umechukuliwa."

Najib akafungua ule mfuko, akamfunika mkewe shali mabegani. Alikuwa ameinunua, ilijulikana baadaye, wiki ile ile ya mchele, akaificha nyuma ya boksi la vifaa vyake akingoja siku ya kuja na wazee.

Jumatano walikuwa Ladywood mapema kuliko Indu mwenyewe. Indu alizipanga barua mezani: daktari, hospitali, benki, maktaba, kodi ya mapato, na moja ya kumtaka Deeqa ajiandikishe kupiga kura, ambayo kwa tarehe yake kura hizo zilikuwa zimeshapigwa na kusahaulika. Saltley, Saltley, Saltley. Hakuuliza zilikotoka. Washauri wazuri hawaulizi zaidi ya faili.

Nikupe habari sasa hivi usije ukakosa raha: visa ilikubaliwa, wiki ya saba, kwa ujumbe wa simu uliomkuta Deeqa anakunja shuka. Lakini Jumatano ile hakuna aliyelijua hilo, na Indu alikuwa bado anapitia maswali yake ya mwisho, yale anayowauliza wateja wote kabla hajabonyeza kutuma maombi.

"Since uingie UK, wewe na Najib mmewahi kutengana? Kuishi mbalimbali?"

Wiki iliyopita, swali kama hilo lingemlazimisha Deeqa kusema ukweli au kusema uongo, na yeye hakuwa na hakika hata ni lipi lingekuwa lipi.

"Siku nne," akasema. "Nilikwenda kwa shangazi. Mimi nilikuwa ndani, yeye alikuwa nje kwenye gari."

Indu aliwatazama, mmoja kisha mwingine. "Nje wapi?"

"Pale kwenye kona," Najib akasema.

"All four days?"

"Zote."

Indu aliegemea kiti. "Hiyo si kutengana," akasema. "Hiyo ni parking. Nataka jibu moja tu, ndiyo au hapana."

Deeqa alimtazama mumewe, aliyekuwa anajifanya kusoma bango la kinyozi kupitia dirishani.

"Hapana," akasema, "hatukutengana," na Indu akaandika hapana.